Mwaka Mtaa Wetu Ulipoongoza kwa Wizi

Mtaa wetu wa Bigwa uliwahi kuongoza kwa wizi katika mji mzima wa Morogoro, na katibu aliyeufikisha kwenye nafasi hiyo ni mimi. Sikuiba hata sindano. Niliandika tu. Lakini nilijaliwa mwandiko mzuri, na jambo likiandikwa kwa mwandiko mzuri watu huliamini.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita, fundi cherehani, nashonea barazani kwa mama yangu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kwetu Waluguru mjomba akisema, umesema ukoo mzima. Siku moja akaja na daftari lenye jalada gumu, akaliweka juu ya cherehani yangu.

"Wewe umefika kidato cha nne," akasema. "Kuanzia leo ni katibu wa usalama. Kila kitakachoibwa mtaani, uandike. Mwisho wa mwezi napeleka kata."

"Shikamoo kwanza, Mjomba," nikamwambia. "Na kisipoibwa kitu?"

"Marahaba. Utaandika hakuna."

Basi miezi ya kwanza niliandika hakuna, kwa herufi kubwa, nikapiga na mstari chini. Si kwamba watu wa Bigwa walikuwa malaika. Hapakuwa na cha kuiba. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni, mche wa sabuni unakatwa kwa uzi ili ufike nyumba nne, na dawa ya meno ni hadithi ya watu waliowahi kufika Nairobi. Mlango ulifungwa kwa kipande cha ufito, na ufito huo ulikuwa wa kuzuia mbuzi.

Halafu ikaja ruksa ya serikali, kila mtu auze atakacho. Maduka yaliyokuwa yanauza kiberiti na vumbi yakajaa mpaka vitu vikaning'inizwa darini. Redio kaseti, saa za ukutani zenye muziki, mashuka ya maua, viatu vya mitumba vilivyokuja na soksi zake ndani. Pamoja na vitu hivyo yakaja makufuli, na mafundi wa kuchomelea wakapata kazi ya kuweka nondo kwenye madirisha ambayo zamani yalizibwa kwa gunia. Mjomba alikuwa anapita akitazama nondo hizo, anatikisa kichwa. "Nchi imefungua milango," anasema, "sisi tunafunga madirisha."

Wizi wa kwanza ulikuwa wa kweli. Naomba hilo lieleweke, maana ndio pekee. Ijumaa moja mchana, mwenye duka la jumla akiwa msikitini na mkewe yuko uani anaanua nguo, mtu aliingia sebuleni akaondoka na redio kaseti yao. Habari ikaenea kabla jua halijateremka, watu wakaja kutoa pole. Mikeka ikatandikwa barazani, chai ikapikwa, na mke wa mwenye duka, ambaye mtaa mzima tulimwita Mama Jumla, akawa anasimulia upya kila wageni wapya wakiketi. Kwa wageni wa kwanza redio ilikuwa na spika mbili. Kwa wageni wa tatu ilikuwa na spika nne na inarekodi yenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na daftari langu, nikafuta, nikaongeza.

Hapo ndipo mtaa ulipojifunza jambo. Ukisema una redio kubwa, watu watasema unaringa. Ukisema umeibiwa redio kubwa, watu watakuletea vitumbua. Hakukuwa na njia nyingine ya kujisifu huku umeinamisha kichwa na watu wanakushika bega.

Baada ya wiki mbili akaja fundi baiskeli. Ameibiwa televisheni ya rangi.

"Lakini kwako hakuna umeme," nikamwambia.

"Nilikuwa najiandaa," akasema.

Nikaandika. Akafuata bwana mmoja mwimba kwaya, ameibiwa baiskeli ya gia sokoni. Baiskeli hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona kijijini Mlali, ikiendeshwa na mwanamke muuza pombe, na yule muuza pombe alikuwa anaiendesha kwa raha ya mtu aliyekabidhiwa. Lakini mke wa mwimba kwaya alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, amekunja mikono, na macho ya mumewe yalikuwa yananiomba. Nikaandika. Akaja bibi mmoja wa nyumba ya juu, akataka niandike ng'ombe wawili.

"Bibi," nikasema, "hapa Bigwa hakuna mtu aliyewahi kuona ng'ombe wako."

"Wameibwa," akasema. "Utawaonaje?"

Nikaandika ng'ombe wawili, rangi haijulikani.

Nakiri kwamba nilikuwa nafurahia. Kushona sare za shule kunachosha, na uongo wa watu wazima ni burudani, hasa ukiwa wewe ndiye unayeushikia kalamu. Mwisho wa mwezi Mjomba alilichukua daftari bila kulisoma, maana miwani yake ilikuwa imevunjika mkono, akalipeleka kata.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuja kuandikisha kitu. Huyo alikuwa mtani wetu.

Kwetu milimani utani si wa kabila na kabila tu. Koo kwa koo hutaniana, na ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Mtani ndiye anayekuchimbia kaburi, anakutukana kwenye msiba wako mpaka unacheka huku machozi yanatoka, na akikitamani kitu chako anakichukua mbele ya macho yako. Huna kesi. Mwezi uleule aliingia uani kwa Mjomba mchana kweupe, akamkamata jogoo mwekundu wa Mjomba, akamchinja, akamla, kisha akapita mtaani na manyoya ameyachomeka kwenye kofia. Nilimwuliza Mjomba kama niandike.

"Uandike nini?" akashangaa. "Mtani amekula haki yake."

Mtani alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, ana bustani ya mchicha na nyanya chungu kando ya kijito. Kilimo hicho alijifunza gerezani Kingolwira, alikokaa miaka mitano kwa ajili ya magunia mawili ya sukari yaliyokutwa chini ya kitanda chake wakati wa msako wa walanguzi. Alipotoka akakuta sukari imerundikwa kila kibanda na wauzaji wanakuita kwa jina la mpenzi. Siku ya kwanza alisimama mbele ya duka la jumla, akayahesabu magunia kwa kidole moja baada ya jingine, akamwambia mwenye duka: "Wewe, kwa sheria iliyonifunga mimi, ungetoka na mvi za kope." Mwenye duka akacheka, akampa robo kilo ya bure. Aliila yote palepale, kwa kiganja.

Alitania kila kitu. Aliutania unene wa mama yangu, uchumba wangu usiofika mwisho, mwendo wa Mjomba. Jambo moja tu hakulitania. Gereza lile liko karibu na stesheni, akanisimulia siku moja, na treni ikipiga honi wafungwa husimamisha majembe kidogo, wote, bila kuambizana. "Nikirudishwa kule, Mtani, sitatoka tena," akasema. Nilingoja amalizie kwa kichekesho. Hakumalizia.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana mficha uchi hazai.

Mama Jumla aliniletea kitambaa cha harusi ya mdogo wake. Kilikuwa cha kijani ya bahari, kinateleza, kina uzi wa dhahabu pindoni, kimetoka Dubai kupitia kwa shemeji. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Nikakikata, nikakishona, nikabakiza kupiga pasi tu. Pasi ilikuwa ya mkaa. Mtani alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza na fungu lake la mchicha, ananiigizia jinsi Mjomba anavyotembea akipeleka daftari kata: kidevu juu, daftari kifuani, mguu mmoja unaulizia mwenzake. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na mkono wa kushikia mbavu ulikuwa ule wa pasi. Harufu ndiyo iliyonirudisha.

Nilipoinyanyua pasi, kitambaa kilikuja nayo. Katikati ya mgongo wa gauni lilibaki tundu la umbo la pasi, na kingo zake ngumu.

Mtani aliinuka akachungulia. "Umemchoma Mama Jumla," akasema. Kisha, kwa sauti ya kawaida: "Nenda ukamwambie sasa hivi, kabla moto haujapoa. Ukilala nalo litakua."

"Nakwenda," nikasema.

Sikwenda. Nilikiviringisha kitambaa, nikakifukia nyuma ya choo chini ya migomba, na Mama Jumla alipokuja kesho yake kuchukua gauni lake, mdomo ukafunguka wenyewe ukasema limeibwa. Limeibwa lini? Jana mchana, nilipokwenda kuchota maji. Kisha, kwa kuwa nilikuwa katibu na yeye amesimama pale, nikalivuta daftari nikaliandika. Tarehe, saa, mali, mwenye mali.

Mnajua alifanya nini? Alinipa pole! Alinishika mikono akasema, jamani fundi, wamekuingilia na wewe, mtoto wa watu, ungekuwepo wangekudhuru. Akaenda kusimulia mtaa mzima kwamba kitambaa chake cha Dubai wezi walikifuata mpaka kwa fundi, maana walikuwa wamesikia sifa zake. Akaheshimika zaidi. Mdogo wake akaolewa na gauni la kuazima, na watu wakasema kama si wezi mngeona.

Mtani alipozisikia habari hizo alikuja barazani, akacheka mpaka akaketi chini. "Sasa huyo mwizi akikamatwa, Mtani, utamtambua sura?" Na mimi nikacheka. Alipomaliza kupangusa macho akasema tena niende kusema, na kwamba yeye atanisindikiza, ili nikitukanwa tugawane matusi nusu kwa nusu. Nikasema kesho. Nilisema kesho kwa wiki tatu.

Mwisho wa mwezi uliofuata kata walilinganisha madaftari. Ikaonekana kuwa nyumba zetu kumi za Bigwa zimeibiwa kuliko soko kuu na stendi kwa pamoja. Mjomba akarudi amefurahi kwa sababu mtendaji alikuwa ameusifu mwandiko wangu. Siku tatu baadaye furaha ikamwisha, maana ilikuja barua kwamba Jumapili alasiri afande mgeni wa kituo cha polisi atakuja kuzungumza na wananchi.

Tulikusanyika uani kwa Mjomba. Afande alikuwa kijana wa Kanda ya Ziwa, mrefu, hana hata miezi miwili Morogoro, suruali yake ina mikunjo inayoweza kukata nyanya. Mimi nilikaa kwenye meza ndogo pembeni yake na kalamu. Mama Jumla alikuwa kiti cha mbele. Mtani alisimama nyuma, karibu na banda la kuku ambalo yeye mwenyewe alilipunguza.

"Mtaa huu," afande akaanza, "unaongoza."

Mtu mmoja akapiga makofi, kisha akakoma.

Afande alisema kwamba mali nyingi namna hiyo haziwezi kutoka bila mwenyeji. Akauliza kama kuna mtu hapa aliyewahi kufungwa. Watu wakatazama miguu yao. Kisha fundi baiskeli, yule wa televisheni, akakohoa akasema kwamba yeye hamsingizii mtu, ila kuna mwenzetu alitoka Kingolwira. Nilimtazama fundi baiskeli nikatamani kumchoma na sindano ya gunia. Lakini nilinyamaza.

Mtani aliitwa mbele. Afande akafungua daftari langu akaanza kumsomea, kitu kimoja kimoja.

"Televisheni ya rangi?"

"Afande, ningeiweka wapi? Kwangu hata kibatari kinalalamika."

Watu wakacheka.

"Ng'ombe wawili?"

"Hao ningekuwa nimewanenepea."

Wakacheka zaidi, na afande akakaza taya. Akaufikia mstari wangu. "Gauni la harusi la kitambaa cha kijani, kutoka kwa fundi cherehani."

Mtani akanigeukia. Mama Jumla naye akageuka kutazama alichokuwa anatazama. Nilihisi masikio yangu yanawaka moto, na nadhani kila mtu aliyaona. Mtani aliona. Akatabasamu, akasema kwa ile sauti yake ya msibani:

"Hilo nilichukua mimi. Huyu ni mtani wangu, afande. Chake changu."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mama yangu, wakafuata wazee wote wa milimani. Ilikuwa utani wa wazi kabisa, mtoto mdogo angeujua. Afande peke yake hakucheka.

"Umekiri?"

"Nimekiri, afande. Na jogoo wa balozi nilimla mimi, niandikiwe na yeye."

"Wewe kabila gani?"

"Mluguru."

"Na huyu binti?"

"Mluguru."

"Sasa Mluguru na Mluguru utani umetoka wapi?" afande akauliza. "Mimi nina watani wangu kwetu, naujua utani. Utani ni wa kabila na kabila. Huu wenu ni dharau."

Mjomba alisimama kueleza habari za koo. Alianzia mbali sana, kwa babu wa babu aliyeshuka kutoka milimani, na kabla hajafika kwenye jambo lenyewe afande alikuwa ameinua mkono. "Mzee, hili ni la polisi. Katibu, andika. Mtuhumiwa amekiri mbele ya wananchi."

Nilimwona fundi baiskeli anapiga hesabu kichwani, na mwimba kwaya, na bibi wa ng'ombe. Mwizi mmoja akipatikana, vitu vyote vilivyoibwa vinapata mwenyewe, na hakuna atakayeulizwa tena. Hakuna mtu aliyesema neno. Mtani alikuwa ananitazama mimi, bado ana kipande cha tabasamu kimebaki upande mmoja.

Nikaandika: Mtuhumiwa amekiri mbele ya wananchi. Nikaweka nukta.

Walimchukua kwa miguu, afande mbele na sungusungu wawili nyuma. Kwenye njia ya kuelekea barabarani aligeuka mara mbili kututazama. Nilidhani anageuka ili acheke.

Jioni ile Mjomba alikuja barazani. Hakukaa. Nilimwamkia, hakuitikia, na mjomba wa Kiluguru asipoitikia shikamoo, mpwa hana pa kushika.

"Mtani hachukui kitu akakificha," akasema. "Angelichukua gauni tungemwona amelivaa. Angepita nalo sokoni. Sasa lile gauni liko wapi?"

Nikainama kuokota pini chini.

"Kesho wanampeleka mahakamani. Mtu aliyekwisha kufungwa kwa magendo, amekiri wizi mbele ya watu mia. Hakimu gani atamsikiliza? Na maandishi ni yako."

Akaondoka. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba unaweza kusimama mwisho wa njia hiyo usiku kucha ukiogopa hatua moja iliyobaki. Nilimwogopa Mama Jumla. Hilo ndilo lililokuwa linanizuia, nalisema ili mjue udogo wake: upande mmoja mtu anarudi Kingolwira, upande wa pili nitatukanwa na mwanamke mnene mbele ya duka.

Asubuhi nililifukua gauni. Lilikuwa limeota ukungu na mchwa walikuwa wameanza pindo. Nikalifunga kwenye kanga, nikashika njia ya mjini, na njia ya mjini inapita mbele ya duka la jumla. Mama Jumla alikuwa anafagia.

"Fundi, unakwenda wapi na udongo?"

Nikafungua kanga. Alilishika, akalinyoosha juani, akapitisha mkono mzima kwenye lile tundu mpaka kiwiko, akanitazama kupitia pembeni.

"Pasi," nikasema.

Nilitegemea atalia kwa ajili ya kitambaa. Kumbe hakujali kitambaa hata kidogo.

"Mimi nilikupa pole!" akapiga kelele. "Nilikushika mikono nikakupa pole! Nirudishie pole yangu!"

Sikujua pole hurudishwaje. Nikaanza kutembea, na yeye akatupa fagio akanifuata, kandambili zake zinapiga, akinitukana kutoka Bigwa mpaka mlango wa polisi. Waliokuwa wanateremsha mikungu ya ndizi na makabichi kutoka mlimani walisimama kutuangalia. Kila aliyeuliza alielezwa kwa kirefu, kwa hiyo tulipofika mjini sikuwa na siri yoyote iliyobaki kumwambia afande, ila kisheria ilibidi nimwambie.

Afande alilitandaza gauni juu ya meza yake.

"Kwa hiyo," akasema, "katika mtaa unaoongoza kwa wizi mji mzima, mwizi ni pasi?"

"Mfunge huyu!" akasema Mama Jumla.

"Na haya mengine?" Afande akafungua daftari. "Televisheni?"

"Nyumba ile haina umeme, afande."

"Baiskeli ya gia?"

"Iko Mlali. Muuza pombe anayo."

"Ng'ombe?"

"Hawajawahi kuzaliwa."

Kila nilipojibu alivuta mstari kwa rula, polepole, na kila mstari ulimwuma, maana ripoti ilikuwa imekwisha kwenda juu na jina lake chini yake. Alipomaliza ilibaki redio kaseti peke yake. "Ilikuwa na spika ngapi?" akamwuliza Mama Jumla. Mama Jumla, ambaye alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi na kuvua kandambili, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni mbili. Afande akanitazama akasema kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa. Nikasema najua, anifunge. Akasema akinifungulia kesi mimi itabidi aufungulie mtaa mzima, na mahabusu yake ina nafasi ya watu sita. Akalifunga daftari, akamwambia askari amtoe mtuhumiwa. Hakunirudishia daftari.

Mtani alitoka bila kofia, shati limetoka vifungo viwili. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, na sikuuliza. Mama Jumla alipomwona aliacha kunitukana, akatoa kanga yake ya juu akampa ajifute, kisha akasema anakwenda sokoni mara moja. Tukabaki wawili kwenye barabara ya kurudi Bigwa.

Tulitembea mwendo mrefu. Jua lilikuwa limepanda. Mimi sijui kunyamaza, ndiyo tabia yangu, na nilitaka mambo yawe kama yalivyokuwa juzi. Nikasema, "Mtani, Kingolwira wamekukosa."

Hakucheka. Alipiga hatua nyingine kadhaa ndipo akasema.

"Pale uani nilikurushia neno ili unirudishie. Ulitakiwa useme, muongo huyu, gauni nimelichoma mwenyewe. Watu wangecheka. Yule mama angekutukana kidogo, jioni yamekwisha."

"Najua."

"Niligeuka mara mbili. Nilidhani bado unatafuta la kusema."

Nikamwambia niliogopa. Ni kweli, na lilikuwa neno dogo sana kulitoa mdomoni.

"Na mimi niliogopa," akasema. "Nilikuwa nimekwisha kufika kule mara moja."

Nikamwomba radhi, palepale barabarani, nikapiga magoti kama tunavyofanya kwa wakubwa. Aliniinua kwa kiwiko, akasema ameisikia, nisichafue nguo. Tulipofika inapochepuka njia ya kwake alisimama akaniaga. Hakuniita Mtani; aliniita kwa jina langu la ubatizo, lote, kama anavyoniita padri.